Pipa ya Gustave

Mbele ya butike ya Papa Mbusa, pale barabara ya kutoka Masisi inageuka kuelekea Walikale, kuko benchi moja ya mbao yenye mugongo umevunjika. Miye nashonaka nguo kando yake, kwa hiyo ujinga wote wa kijiji unapitiaka kwanza mu masikio yangu. Wenyeji ni batatu. Karangwa tunamuita Sakristani, ju zamani alitayarishaka altare, na mpaka leo anakohoa kama padri. Viateur tunamuita Docta, ju aliuzishaka vidonge mu soko ya Rubaya mpaka bantu bakamufukuza. Na Papa Mbusa mwenyewe, mutoto wa Butembo, tunamuita Douane, ni kusema forodha: hakuna kitu ya kuliwa inapita mbele ya mulango wake bila yeye kuionja. Kahawa inatoka kwa Mama Consolée. Asubuhi ile alikuja na termosi mu mukono moja, na mu mukono ingine jagi yenye alifunika na jani ya mugomba.

— Bakwe ya Kétsia, binti yangu, banafika Jumamosi na dot, mahari yake, akasema. Jana tulifukua pipa. Muonje, muniambie: nibapatie, ao niimwage?

Pipa ile tuliijua wote. Gustave, bwana yake, aliipata kwa mapadri wakati baliacha kuwekea divai ya misa mu mbao, akaibeba ku mugongo mpaka hapa, na sisi ku benchi tulimucheka mpaka machozi. Akakamua ndizi zake zote, akaijaza kasiksi, pombe ya ndizi, akaifunga na nta na udongo, akaizika mu shamba ya ndizi. Mama Consolée alimugombanisha mbele yetu: nani atakunywa pombe ya ubao? Gustave akajibu pole pole, vile alikuwaka:

— Siku ya dot ya Kétsia, weye mwenyewe utaomba kikombe ya pili.

Kiisha vita ikatukimbiza wote mpaka kule chini ya Sake, mu mahema. Gustave akarudi nyuma kutafuta mbuzi. Bantu balimuona anapita Mubambiro, anapanda na fimbo yake, na hapo njo habari yake iliishia. Hatukupata maiti, hatukupata salamu. Mama Consolée hakufanya matanga. Ukimuuliza anajibu: «Gustave alienda kutafuta mbuzi.» Tangu turudi hakuna mwenye anamuuliza.

Sasa shamba yake ya ndizi ilikauka, na pombe ingine hana. Bakwe bakikaa kinywa kikavu, ao bakitema pombe yake mbele ya jirani, Kétsia ataisikia mu ndoa mpaka azeeke.

Douane njo alianza, ni desturi yake. Akanusa, akakunywa, akafunga jicho moja.

— Iko na uchachu, akasema. Lakini uchachu yenye inakaa vizuri. Kama tunda ya maracuja. Kiisha nyuma kuko asali, na moshi kidogo.

— Leta hapa, weye unajua nini, akasema Sakristani. Akaizungusha mu kinywa muda murefu, akakohoa, akasema: Bandugu, hii haiko kasiksi tena. Ni divai.

— Divai inatoka ku ndizi?

— Pipa ilibeba divai ya misa miaka na miaka. Mbao ilibarikiwa, pombe ikalala ndani, ikabatizwa. Samaki mukunje angali mubichi.

— Samaki anaingia wapi hapa? nikamuuliza, ju alikuwa ananikasirisha.

— Fundi, weye shona. Nasema hivi: muntu asikunywe hii bila kuungama kwanza.

Na yeye mwenyewe akanyoosha kikombe bajaze tena.

Docta alionja kama muntu anapima homa. Akatazama jua kupitia ile pombe, ilikuwa na rangi ya chai nzito.

— Munadanganywa na ulimi, akasema. Mbao ni kitu ya kupitisha. Pombe ilikaa mu udongo, udongo ikaingia mu pombe. Na udongo ya huku iko na nini?

— Minyoo, nikasema.

— Coltan, ile madini ya simu. Inatembeaka chini kwa chini kutoka Rubaya. Njo maana inakaukisha kinywa. Muntu akikunywa vikombe vitatu, réseau ya simu itamushika mu tumbo.

— Basi kunywa, utupigie simu, akasema Douane.

— Muvumilivu hula mbivu, Docta akajibu, akakunywa.

Hapo Douane akavuta kiti yake karibu, akashusha sauti.

— Musikie. Kaka yangu mudogo anaishi Ubelgiji. Aliniambia kule bazungu banafanya hii kwa kusudi. Banaweka pombe ya bière mu pipa ya mbao, banaiacha miaka mpaka inachacha, inakuwa kama divai. Kiisha banaikunywa mu glasi ndogo. Bananusa kwanza, bananyamaza, halafu banaanza kusema: nasikia matunda, nasikia mbao, nasikia ngozi ya farasi.

Tulicheka mpaka nikajichoma sindano.

— Muntu aache pombe ichache kwa kusudi? akasema Sakristani. Na nani alilambaka farasi? Douane, miye nilisikia uongo mingi ku benchi hii, lakini leo umepita mupaka.

— Hata coltan iko na haya kuliko hiyo, akasema Docta.

— Naapa kwa Bikira Maria.

— Muache Bikira Maria na usafi wake.

Nikaonja pia. Sitaficha: nilitaka iwe mubaya, ju nilikuwa wa kwanza kumucheka Gustave. Haikuwa mubaya. Iliuma kidogo ku mashavu, ikapoa, na nyuma kukabaki harufu ya nyumba ya mapadri wakati mvua inanyesha. Nikakumbuka Gustave na pipa ku mugongo, jasho inamutoka, anacheka pamoja na sisi wenye kumucheka. Nilimupenda sana ule muntu. Nikarudia machine yangu.

Mama Consolée alisimama tu na jagi. Hakuonja. Nilizani anaogopa.

— Munakunywa tu, akasema. Hamujibu. Niimwage?

Mbele tumujibu, piki-piki moja ikasimama, matope mpaka ku kasike ya kichwa. Akashuka muzee mufupi, akavua kasike, akabaki na kofia ya sufu, akasalimia benchi yote muntu kwa muntu. Ni Papa Akilimali wa Walikale, baba mudogo wa bwana-arusi. Bandugu balimutuma mbele aangalie njia na asalimie nyumba.

— Jambo, Mama Kétsia. Tutafika, hata na mvua.

— Karibu, Papa. Ukae.

Douane akamujazia kikombe mbio mbio, anatafuta shahidi. Muzee akaipokea na mikono mbili, akanusa. Uso ikafunguka. Lakini hakukunywa. Akairudisha pole pole ju ya benchi.

— Harufu yake iko nzuri sana, akasema. Lakini munisamehe, miye ni muntu wa pori, nafwataka ya bazee. Pombe ya dot inaonjwaka kwanza na mwenye aliikamua, kuondoa sumu. Kama alikufa, mujane anaonja pa nafasi yake. Nyinyi hamufanyake vile?

Tunafanyaka vile. Hata mutoto anajua. Nusu ya jagi ilikuwa mu tumbo yetu, na hakuna mwenye alikumbuka.

— Nani aliikamua? akauliza.

— Bwana yangu, akasema Mama Consolée. Gustave.

— Yeye iko wapi?

— Alienda kutafuta mbuzi.

— Vizuri, akasema muzee, akajipanga ku benchi kama muntu mwenye hana haraka. Basi nitamungojea. Atarudi saa ngapi?

Docta aliangalia viatu vyake. Douane akashika kitambaa akapanguza kikombe yenye ilikuwa safi.

Mama Consolée aliangalia barabara, upande wa kutokea Sake. Aliiangalia muda murefu. Hakuna muntu alikuwa anakuja. Kiisha akaweka jagi chini, akakamata kikombe ya muzee kwa mikono mbili, akakaa ku benchi, pale Gustave alikaaka. Akaonja. Akafunga macho, na machozi ikatoka bila sauti, na akaendelea kukunywa mpaka kikombe ikaisha.

Papa Akilimali akaelewa. Akavua kofia.

Mama Consolée akapanguza uso na kipande ya kitenge, akanyoosha kikombe kwa Douane.

— Niongezee, akasema.