Bi Tunu na Kibakuli Kisicho na Dawa

Jambo nililolificha kwa miaka kumi na miwili limo katika wasifu huu. Nimeomba lisomwe ukumbini, mbele ya Bi Tunu Mbwana, fundi wa maabara yetu ya mimea hapa Tegeta, anayestaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Mimi, Alfonsi, nilikuwa mkuu wake kwa miaka kumi na tisa.

Tunu, mzaliwa wa Temeke, alianza mwaka 1994 kama mwosha vyombo. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne na pua isiyodanganyika. Mfanyabiashara wa Mabibo akileta manjano yaliyochanganywa na unga, Tunu alinusa gunia na kulirudisha kabla halijashushwa garini. Ndani ya miaka mitano yeye ndiye aliyekausha, aliyesaga na kuchuja kila mmea ulioingia getini.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kutafuta katika mimea viambata vinavyoweza kuzuia saratani ya tezi dume. Tuliloweka majani kwenye spiriti, tukaikausha spiriti, kilichobaki tukakitia kwenye vibakuli vyenye seli za saratani. Tunu hakukubali jaribio lisilo na kibakuli cha pembeni, kilichopitia njia ileile kwa spiriti tupu, bila mmea. Vijana wakamwita Bi Rudia. Naye hakukasirika: "Mchumba mnamchunguza mwaka mzima, dawa mnataka kuiamini siku moja? Rudieni, wanangu."

Ushindi wake mkubwa umetokana na maganda ya komamanga. Kwa miaka minne alitenganisha kiambata baada ya kiambata, hadi mwaka 2019 alipopata kimoja kilichopunguza kasi ya kukua kwa seli hizo katika majaribio kumi na saba mfululizo. Maabara mbili za nje zilirudia, zikapata vilevile. Siku hiyo alipiga vigelegele mpaka mlinzi, Mzee Hija, akaja mbio na rungu. Hata hivyo, kila aliyepiga simu kuuliza alijibiwa kwamba kibakuli si mwanadamu, dawa bado.

Mwaka jana saratani hiyohiyo ilipofika mifupani mwangu, nilimwomba kwa siri aniletee kiambata kile. Alikuja na glasi ya juisi ya komamanga. "Shikamoo, daktari wangu. Hii juisi tu, kunywa ufurahi. Ila sindano ya hospitali ukiikosa, mie na wewe basi." Sindano sijaikosa hata moja.

Bi Tunu, asante kwa mikono yako na kwa ukaidi wako. Mungu akupe afya, usingizi usiokatizwa na kengele ya mashine, na wajukuu watakaokubali kurudia.

Sasa niseme. Nishani iliyo ukutani nilipewa mwaka 2013 kwa kugundua kosa katika dawa yetu ya majani ya mstafeli. Ilikuwa imeua seli zote, waandishi wa habari wamekwishaitwa, wagonjwa wameanza kujiandikisha. Kumbe umeme ulikatika, mashine ya kukaushia ikazimika, spiriti haikukauka, na spiriti ndiyo iliyoua. Aliyegundua ni Tunu. Aliniletea kibakuli cha spiriti tupu, seli zimekufa vilevile. Nikakimwaga kwenye sinki mbele ya macho yake, nikamwambia anyamaze. Alirudi kesho yake na kibakuli kingine, akakiweka mezani kwangu tukiwa wawili tu, akasimama pale mpaka nikashika simu na kuahirisha kila kitu. Watu waliponisifu kwa uangalifu, nilipokea sifa, nikapokea na nishani. Wagonjwa wale waliokolewa na Tunu, na aliyetaka kuwanywesha dawa ya uongo, huku akijua, ni mimi.