Senene wa Kapteni

Ndani ya basi la mwendokasi la kutoka Kimara, mama aliyekaa mbele yangu alipakata kopo kubwa la plastiki. Alimweleza mzee aliye kando yake kwamba mwanawe ni mpishi kwenye meli ya watalii, mwaka wa pili hajamwona, na meli inaondoka leo jioni.

“Bandarini usifuate umati wa boti za Zanzibar,” alisema mzee, muuza vikoi anayezijua meli hizo. “Mpigie, akufuate getini. Wewe ndani hupiti, na chakula cha nje hakipandi melini.”

“Ni senene wa kukaanga, mzee wangu. Wake, na wa kapteni.”

“Kapteni Mzungu ale panzi?”

“Si panzi! Mie siendi kazini kwa mwanangu bila kumbebea bosi wake kitu. Atasema kijana hana kwao.”

“Basi kijana ale hapohapo getini. Wa kapteni nipe mie.”

Mama alifungua kopo, akammiminia kiganjani. “Onja, uniambie kama kapteni atakataa.”

Tulifika Kivukoni, milango ikafunguka. Mzee alikuwa bado anatafuna, na kiganja amekinyoosha tena.