Balansi ya Pikapu ya Senti

Mbele ya duka la matairi la Benny Armijo, pale mjini Socorro, pana kiti cha nyuma cha gari ambalo lenyewe lilishauzwa chuma chakavu. Ndicho kijiwe. Kila asubuhi hukaa hapo watu watatu, chupa ya kahawa katikati yao. Profesa alifagia madarasa ya chuo cha madini miaka mingi, na elimu kidogo ikamrukia. Kobe hajawahi kulipita gari la mtu barabarani tangu azaliwe. Wa tatu ni Eliseo Baca, wanayemwita Senti, maana akiagana na pesa huagana nayo kwa machozi. Lakini asubuhi hiyo ya Machi Senti hakukaa. Alisimama kando ya pikapu yake, ufunguo mkononi. Mkewe, Ofelia, alikuwa anatoka hospitali kule mji mkubwa wa Albuquerque adhuhuri ile. Alikuwa amepasuliwa kifua, moyo ukatengenezwa, na daktari alishaonya: asitikiswe njiani. Na pikapu, wiki nzima, ilikuwa inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

— Inaanzia maili ngapi? Kobe akauliza.

— Sitini. Ikifika sitini na tano usukani unanichezea mikononi.

— Basi nenda na hamsini. Dawa ya bure hiyo.

— Kwenye barabara kuu? Malori yatanilaza bapa kama tortilla!

— Msamehe Kobe, Profesa akadakia. Yeye mara ya mwisho kwenda Albuquerque aliondoka na shati la kiangazi, akafika theluji inaanguka.

Benny akachungulia mlangoni, anajifuta mikono.

— Senti, nishakwambia. Kufanya balansi, kusawazisha kila gurudumu, dola kumi na tano; sitini kwa yote. Nusu saa tu, unaondoka.

— Sitini! Kwa vipande vya risasi vya kubandika kwenye rimu? Hata risasi za bunduki hazina bei hiyo!

Benny akarudi zake ndani.

— Lipia moja tu, Kobe akashauri. Lile bovu.

— Lipi?

— La mbele kushoto. Ndiko anakokaa dereva, linaelemewa.

— Linaelemewa na Senti huyu? Akipanda mzani, mzani unauliza nani yupo. Sikiliza, Profesa akasema, akikunja miguu. Ni la nyuma kulia. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, sivyo? Ukienda Albuquerque unaelekea kaskazini, mashariki iko kuliani kwako. Upande wa kulia ndio unaovutwa.

— Na wakati wa kurudi?

— Unavutwa wa kushoto. Kwa hiyo ukifika kule unabadilisha: tairi za kulia kushoto, za kushoto kulia. Umeokoa dola sitini.

— Nibadilishe tairi mlangoni mwa hospitali, Ofelia ananitazama?

— Atakushikia spana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Asiiname! Senti akafoka. Ndicho alichokatazwa, kuinama!

Kobe akamimina kahawa, akapuliza.

— Maharage, akasema.

— Maharage gani? Senti akauliza.

— Makavu. Shemeji yangu wa Belen hutia kikombe kimoja ndani ya kila tairi. Gari likikimbia, maharage yanakwenda yenyewe upande mwepesi.

— Yanaujuaje upande mwepesi?

— Wewe gizani unaujuaje ukuta?

— Kwa kuugonga.

— Basi ndivyo hivyo.

— Na yakigombania nafasi humo ndani?

— Meno ya mbwa hayaumani.

— Methali hiyo ni ya ndugu!

— Kwani maharage si ndugu?

Senti alisikia kichwa kinamzunguka, dunia inaelekea mashariki na maharage yanaelekea kusikojulikana. Alitaka mtu amwambie neno moja la kushika, basi. Miaka yote ile ya barabara ya Albuquerque, hakuwahi kurudi peke yake na kiti cha Ofelia cha pembeni kitupu mpaka wiki iliyopita.

Mwanamke mmoja mwenye kofia pana, ambaye Benny alikuwa akimzibia tairi la tela lake la nyasi, alikuwa amesimama hapo muda akisikiliza.

— Samahanini, wazee. Kati yenu, nani mwingine ameiendesha hiyo pikapu?

Wakatazamana.

— Hakuna, mama, Kobe akasema. Huyu haazimishi hata kivuli chake.

— Sasa mnajuaje kama inayotetemeka ni gari, si mikono yake?

Senti akaanza kuhesabu siku nyuma. Mtetemo ulianza siku ile aliyomwacha Ofelia hospitalini. Hilo alikuwa na hakika nalo. Lakini siku hiyohiyo aliitumbukiza pikapu kwenye shimo kubwa karibu na daraja. Lipi lilitangulia, shimo au mtetemo? Alitazama mikono yake, akaificha mifukoni.

Kobe akainuka. — Lete ufunguo.

Na Senti, ajabu, akampa. Pikapu ikatoka, ikapotea upande wa barabara kuu. Ikarudi, ikasimama katikati ya uwanja. Kobe hakushuka, kaung'ang'ania usukani.

— Haya? Inatetemeka?

— Sijui, bwana! Nimefika sitini na tano. Sijawahi kufika sitini na tano mimi. Kila kitu kilikuwa kinatetemeka!

Profesa alicheka mpaka akakohoa. Senti hakucheka. Alikwenda mlangoni kwa Benny.

— Sawazisha yote manne.

Kisha akarudi pale kwenye kiti, akasema kwa sauti ya chini:

— Profesa, leseni yako ingali hai?

— Hai kabisa. Kwa nini?

— Utaendesha wewe. Wakati wa kurudi, mimi nitakaa katikati, nimshike Ofelia asitikisike.

Profesa akainuka, akaenda nyumbani kuchukua miwani yake.