Upande wa Nyuma wa Kitambaa

Sikieni wanangu, na wewe Mkubwa acha kukohoa, mgonjwa ni mimi. Mmekuja watatu kusikia duka la kudarizi namwachia nani, basi kaeni, ila maneno matamu leo sina.

Mimi sikusoma, lakini miaka arobaini nimedarizi majina ya watu kwenye mashuka, herufi za kila lugha, nafuata mchoro tu. Jina la duka letu ni la mama yangu, kwa herufi za kwao, lile lenye kidoti juu ya herufi ya mwisho. Kidoti kile utakidarizi pamoja na herufi yake kwa uzi mmoja, au utamaliza herufi, ukate uzi, uje ukiweke kwa uzi mwingine. Mbele ya kitambaa hakuna wa kujua. Geuza nyuma, utaona.

Sasa wewe wa Katikati, unayesajili anwani za mtandao huko ofisini kwenu, si ulinieleza mwenyewe, unakula kwangu, kwamba kompyuta inasoma nyuma ya kitambaa? Kwamba kila jina linaloletwa, la lugha yoyote, unalishona upya kwa uzi wa namna moja kwanza, ili watu wawili wasipewe jina lilelile? Nikajivunia mtoto. Kumbe nilipougua, Mkubwa alikuja kwako anataka anwani ya duka, dada yenu Kitindamimba naye akaja anaitaka, ukaogopa wasije wakakununia. Ukairuka ile kazi ya kushona upya. Mkubwa ukampa ya uzi mmoja, dada yako ya nyuzi mbili, kwa macho jina moja, kwa kompyuta mawili, kila mtu akaondoka anacheka.

Basi yule mama aliyefiwa na kichanga akaagiza kwa anwani hiyo shuka la kumzikia, lenye jina la mwanawe, agizo likaangukia kwa Mkubwa, ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano hajui. Likakaa siku tisa. Mtoto akazikwa na shuka tupu, na mama yake akaja akasimama pale mlangoni, akaniuliza mimi, si ninyi, amenikosea nini. Usinililie, Katikati. Upole wako ndio uliofanya haya.

Duka na cherehani ni vya Kitindamimba. Mkubwa, nyumba hii ni yako, na ukitaka kununa, kanunie humohumo. Wewe, fungua hiyo kompyuta hapa mbele yangu, ya nyuzi mbili uifute, ya uzi mmoja mpe dada yako, na kesho ukamwambie bosi wako ulichofanya, hata akikufukuza. Baraka zangu nimezishika mpaka umalize.

Chini ya mto kuna shuka. Nimelidarizi mwenyewe, jina la yule mtoto, hapahapa kitandani. Mpelekeeni mama yake, wote watatu, na msijitetee.

Umefuta? Sema nisikie.

Haya. Mungu awaweke... awaweke pamoja, wanangu, awape mikono myepesi. Mkubwa, sogea, na wewe ni wangu. Hilo shuka... likunjeni vizuri. Nyuma iwe nje, alione.