Bandama Haikai Kulia: Maisha ya Gedion Tsuma, 1949–1999

Gedion Tsuma alizaliwa Kinango tarehe 14 Machi 1949, kifungua mimba wa marehemu mzee Mwinga na mama Kavumbi. Alisoma hukohuko, kisha akaenda Mombasa kujifunza kupiga eksirei. Hesabu alizipenda. Kuchunga mbuzi hakukupenda hata kidogo, na mbuzi nao walilijua hilo.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika hospitali ndogo nje ya Diani. Hapo alimpata Viola, muuguzi, wakafunga ndoa tarehe 4 Desemba 1976. Mashine ya altrasaundi ilipoletwa mwaka 1995, Gedion, mtu mzima na mvi zake, alirudi darasani.

Alikuwa mbishi, tusimsingizie upole. Februari 1997 aliletwa Maimuna wa Bodo, mwenye miaka ishirini na sita, tumbo limemvimba chini ya mbavu za kulia. Nyumbani walisema ni bandama, wakamchanja chale. Daktari naye alihofia saratani ya ini, akaagiza kesho yake adungwe sindano, kitolewe kinofu kikapimwe.

Gedion aliipasha jeli viganjani, kama ilivyokuwa ada yake, asimshtue mgonjwa kwa baridi. "Vuta pumzi uishike, mwanangu, kama wazamia."

"Bandama yangu yapona, baba?"

"Bandama haikai kulia, mwanangu. Hili ni ini."

Kwenye kioo palikuwa na doa kubwa jeupe, kingo zake safi. Doa kubwa namna ile alikuwa ameliona mara moja tu, masomoni: fundo la mishipa ya damu. Halikuwa saratani, lakini likidungwa, damu huweza kumwagika mpaka mtu akafa. Akamwendea daktari.

"Daktari, nakuheshimu, ila sindano hiyo isiingie. Mpeleke Mombasa kwanza akapigwe picha ya kompyuta."

Kama alikosea, saratani ingezidi kumla Maimuna huku wakingoja, na kazi ya Gedion ingeota mbawa. Daktari alifikiri, akakubali. Siku tatu Gedion hakula, akamwambia Viola ni meno. Kule Mombasa Maimuna alitiwa mshipani dawa ya kung'arisha picha, nayo ikalijaza doa toka pembeni, ikaingia katikati polepole. Lilikuwa fundo la mishipa kweli. Jioni ile Gedion alikula sahani mbili za wali, meno yakiwa mazima.

Juni 1999 alianza kusumbuliwa na moyo. Alitibiwa kwa bidii, akafariki adhuhuri ya tarehe 9 Oktoba, Viola amemshika mkono. Tumeumia, hatufichi.

Ameacha mama yake Kavumbi, mjane Viola, na wana wawili, Seth na Ashley. Maimuna ameomba naye aandikwe hapa pamoja na wana, na Viola amekubali. Kila mwaka Gedion alimpima. Uvimbe ungalipo, haukukua, na Maimuna amekuja kumzika aliyeuona.

Mola amlaze pema Gedion wetu, apumzike na amani yake.