Isaiah Were na Pumzi Aliyoitunza Uzeeni

Watumishi wa Mungu, wazee wa ukoo, jamaa na majirani, familia imenituma niwasomee safari ya mzee wetu.

Isaiah Were alizaliwa Butere tarehe 14 Machi 1953, kifungua mimba wa mkulima wa miwa, akasomea huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1972, na waliosoma naye hawajasahau sauti yake nzito, iliyowafanya walimu wageuke kutazama ni mtu mzima gani aliyeingia darasani.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika stesheni ya reli ya Butere, na hapo, katika baridi ya alfajiri, wenzake walimpa sigara apate joto, naye akaizoea. Siku hizo stesheni ilikuwa stesheni, akina mama na kuku wao, watoto wakikimbilia kuona treni ya Kisumu, na Pascalia, aliyekuja kumpokea shangazi yake, akasikia mtu akiimba besi kibandani, akauliza ni nani. Alikuwa Isaiah. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa George na Cindy.

Alistaafu mwaka 2003, akajenga vyumba vya kupangisha wanafunzi mtaani Shirere, Kakamega, akawa nguzo ya kwaya ya kanisa. Kuanzia mwaka 2018 nimonia ikawa inapona na kurudi, kidonda cha mguuni kikakataa kufunga, kisha kikaja kifua kikuu. Daktari mjini Kakamega alimketisha pamoja na mkewe, Mama Pascalia.

“Mzee, moshi huu wa sigara una sumu inayozuia chembechembe nyeupe za damu zisikue wala kuongezeka,” alimwambia. “Hizo ndizo askari wa mwili. Ugonjwa ukija unakuta askari wachache, tena wanyonge.”

Mzee aliuliza kama askari hao wangeweza kurudi. Akajibiwa kwamba akiacha, kinga itapata nguvu tena, ila mapafu yaliyoharibika hayatakuwa mapya.

Aliacha. Alikuwa mkali kwa kila mtu, akitafuna miwa kutwa nzima, lakini hakurudi nyuma, kifua kikuu kikatibika, kidonda kikafunga, na wapangaji wake wakakatazwa kuvuta hata uani, kila mmoja akielezwa habari za askari wale. Pumzi ya kuimba haikurudi. Jumapili aliketi na besi wenzake, akifuata maneno kwa midomo tu.

Mapafu yalimshinda tarehe 2 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama, ambaye alikuwa amemuuliza kama anajutia sigara.

“Ningeacha mapema, Mama George,” alisema, “ningekuimbia mpaka leo.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Shirere, wenzake wa reli waliofika kwa mikongojo, na wanafunzi waliokesha nasi bila kuwasha sigara hata moja.

Baba, kifua chako hakikusumbui tena. Pumzika kwa amani.