Bi Wadha wa Matrah na Mlango Wake wa Jikoni

Assalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo unisikilize. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewazuia watu wa basi zima wasiondoke nyumbani kwake, na hakumshika mtu mkono, wala hakutia kufuli mlangoni. Ni Bi Wadha bint Sleyum, wa Matrah. Bi Wadha ametutoka mwezi uliopita. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Alizaliwa Unguja. Akaletwa hapa Maskati bado msichana wa shule. Alipokua akapata kazi ya kupokea simu katika wizara moja kule Al Khuwair, na kazi hiyo ndiyo aliyostaafu nayo. Sauti yake ilikuwa nzito. Watu wakipiga simu walidhani wamempata mkubwa mwenyewe, wakaanza kumweleza shida zao. Naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Nyumba yake iko nyuma ya soko la Matrah, katika uchochoro ambao watu wawili wanene wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Nyumba ina milango miwili, wasikilizaji. Wa mbele unaingia majlisi, chumba cha wageni, kwenye matakia na dalla, birika la kahawa. Wa nyuma unaingia jikoni. Ugomvi wote ninaotaka kukusimulieni ulikuwa wa milango hiyo.

Baada ya kustaafu, mtoto wa kaka yake, Jaifar, anayeendesha mabasi ya watalii, alimwomba. Shangazi, wageni wangu wanaona ngome na soko, lakini hawajaona nyumba ya mtu. Bi Wadha akasema walete. Basi wakaja Wajarumani, wakaja Wataliani, makundi kwa makundi. Majlisi walikunywa kahawa wakala halwa. Kisha aliwapeleka jikoni, akawakalisha juu ya mbuzi mmoja mmoja, wakakuna nazi za Salala. Mzee wa Kijarumani alikuna mpaka akakuna na kidole. Bi Wadha alimfunga kitambaa akamwambia aendelee, mkono mwingine upo.

Na alisema nao Kiswahili. Muongozaji wao, binti anaitwa Nouf, ndiye aliyekuwa akiwatafsiria. "Waambie baba yangu wa Sharqiya, huku huku Oman," alikuwa akisema. "Waambie mama wa mama yangu wa Pemba, kwao Wete. Mimi ndiyo hivyo vyote. Hakuna kipande cha kubakisha."

Halafu akaja Bwana Marwan. Bwana Marwan alikuwa meneja wa kampuni ya watalii anayoifanyia kazi Jaifar, na jina la kampuni tuliache lilipo. Alikuja na adabu zake na kikapu cha tende. Akaeleza kwamba wageni wanakuja kuiona Oman. Kahawa, halwa, udi, majambia ya fedha, hiyo ndiyo turathi ya nchi. Nazi na kanga zilizotundikwa ukutani na Kiswahili ni vitu vizuri, lakini vinawachanganya watu. Kuanzia msimu ule kundi litaishia majlisi, na mazungumzo yatakuwa Kiarabu. Kama Bi Wadha hataki, itatafutwa nyumba nyingine.

Jambo lililomuuma zaidi halikutoka kwa Marwan. Lilitoka kwa binti yake mwenyewe, Balqees, ambaye naye anafanya kazi Al Khuwair. Balqees alichekwa sana shuleni kwa Kiarabu chake, akakiweka Kiswahili kando, na kicheko kile hakijamtoka. Alimwambia mama yake kwamba bwana yule amesema kweli, mambo ya jikoni yabaki jikoni. Akapanda kiti, akaitoa kanga ukutani, akaanza kuikunja.

Bi Wadha akamwambia, "Ukimaliza kuikunja hiyo, nikunje na mimi, uniweke kabatini."

Balqees mwenyewe ndiye aliyetuhadithia haya. Anasema aliirudisha kanga ukutani, lakini kwa hasira, na ikakaa upande.

Sasa lilikuja kundi kutoka Luiziana, kusini mwa Marekani. Wenyewe wanajiita Wakrioli. Ni watu ambao damu zao ni za Afrika, za Ufaransa, za Hispania na za wenyeji wa kule wa asili, na chakula chao na maneno yao vimechanganyika vivyo hivyo. Wengi wao walikuwa wanawake watu wazima, mtu na binamu yake, wenye kofia pana na vicheko vikubwa. Siku hiyo Marwan alifuatana nao yeye mwenyewe, ahakikishe kwamba hakuna anayevuka kizingiti cha majlisi.

Hapa nieleze kidogo, kwa anayetusikiliza kutoka mbali. Kwetu mgeni haondoki mpaka chetezo cha udi kimepitishwa. Udi ukipita, ziara imekwisha, kila mtu anajua. Lakini ukinyanyuka kabla ya udi, umeitukana nyumba.

Kahawa ikapita. Halwa ikapita. Kahawa ikapita tena. Udi haukuja. Bi Wadha alikaa kwenye takia lake, mikono magotini, anawatabasamia wageni. Jaifar akapiga simu kutoka barabara ya baharini, kwamba askari anamhimiza aondoe basi. Marwan akarekebisha kilemba chake, kisha akakirekebisha tena. Kuondoka hawezi, amelelewa. Kukaa hawezi, anachelewa. Mwisho akainama, akauliza kwa Kiarabu, kwa sauti ndogo, udi uko wapi.

Bi Wadha alimjibu kwa Kiswahili. "Uko jikoni, mwanangu. Anayeutaka aufuate."

Nouf anasema hata hajafungua mdomo kutafsiri, Marwan ameshasimama.

Bi Wadha akageuka. "Kumbe siku zote unanisikia. Nyinyi wa wapi?"

"Tabora," akasema Marwan, anatazama zulia. "Mama yangu wa Tabora."

"Basi karibu jikoni, Tabora."

Wakaingia wote. Marwan akasimama kwa mlango wa nyuma, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri gari. Mkubwa wa kundi, Bi Odile, aliiona bamia juu ya ubao akapiga kofi. Bibi yake aliipika bamia kwa kamba wa baharini mpaka mchuzi ukawa mzito, unashikana na kijiko. Akaiomba sufuria. Bi Wadha akamwachia, yeye ambaye hakuwa akimwachia mtu sufuria. Wakapika, huyu anatia pilipili, huyu anatia tui, huyu anamtolea macho mwenzake.

Wakipika, Bi Odile akaeleza, na Nouf akatafsiri. Kwao pia mabasi yanakuja. Zamani makundi yalipelekwa kwenye majumba ya mabwana wa mashamba, yenye nguzo nyeupe, wakaonyeshwa vitanda na taa za vioo. Jikoni hawakupelekwa, wala hawakuambiwa nani alikuwa akipika. Na lugha ya nyumbani, watoto walipigwa shuleni wakiisema, mpaka wazazi wakaacha kuwafundisha. Sasa wageni wanatoka mbali kuja kuitafuta lugha ile, na wa kuisema wamebaki wachache.

Bi Wadha akaacha kukoroga. "Muulize yeye mwenyewe anaisema?"

Bi Odile alijibu kwamba anajua majina ya vyakula, na maneno ya kumgombeza mtoto. Basi.

Bi Wadha alifuta mikono, akawasha udi, akawafukiza wageni mmoja mmoja, nguo na nywele. Alipofika kwa Marwan hakumpita. Akamfukiza na yeye.

Lakini msidhani Marwan alilainika. Wiki haikwisha, nyumba ya Bi Wadha ilitolewa katika ziara za kampuni. Nyumba ilitolewa, wasikilizaji wapendwa. Jirani mmoja akamshauri aende kuomba radhi. Akasema atakwenda mara tu atakapokumbuka amekosa nini.

Hakwenda. Alichofanya ni kuufunga mlango wa mbele kwa makundi yote, na kuufungua wa jikoni. Harufu ya mkate wa kumimina ikajaa uchochoro. Waongozaji wengine wakaanza kuleta watu wao. Nouf akaiacha kampuni, akaleta wa kwake. Na mwaka uliofuata basi la Marwan likarudi, kimyakimya. Bi Wadha aliwapokea. Lakini kila kundi, liwe la nani, lilipitia jikoni, likasalimiwa kwa Kiswahili. Alifanya hivyo mpaka mwaka huu, miguu ilipokataa kumbeba.

Alifariki nyumbani kwake, Matrah. Marwan alikuja msibani, akampa mkono Badr, mtoto wa kiume wa Bi Wadha, akakaa kwa heshima. Siku chache baadaye akampigia simu Balqees. Akasema kampuni ingependa kuendelea na nyumba, kwa jina la marehemu, ila sasa kwa utaratibu ule wa zamani. Majlisi tu. Kiarabu tu. Itakuwa rahisi kwa Balqees, kwa sababu inajulikana Kiswahili chake hakipandi vizuri.

Na kweli hakipandi. Balqees huyu ndiye aliyekuwa anakunja kanga. Alimjibu hivi, na nimemwomba ruhusa niyaseme kama alivyoyasema.

"Kiswahili changu kibovu, Bwana Marwan, nnajua. Ntakikosea. Ntakikosea jikoni, mbele ya wageni, na wakicheka watacheka. Nimeshachekwa kwa Kiarabu, sijafa."

Kisha Marwan akauliza, kwa Kiswahili, kundi lije saa ngapi.

Tunatoa mkono wa pole kwa Balqees, kwa Badr, kwa Jaifar, na kwa ukoo wote, wa hapa na wa Unguja na Pemba. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Wadha, ampanulie kaburi lake.

Na sisi tuliobaki, tujiulize tunamwachia nani maneno yetu. Msemeshe mwanao leo, msikilizaji mpendwa. Akikosea, mwache akosee. Akikujibu kwa lugha nyingine, msemeshe tena.